Siku Nne ni Zangu

Rahel amenisumbua tangu tunavuna maharage. Kila akipita na pikipiki yake kutoka zahanati ananiuliza, bibi, umeandika? Sijaandika. Mkono wangu umezoea jembe, kalamu inauponyoka, na macho yangu yanataka jua la saa nne ndipo yaone mstari. Halafu habari yenyewe ni ya chini ya kitenge. Mwanamke wa umri wangu huulizwa habari za mvua na mbegu, haulizwi aliweka nini mwilini mwake miaka karibu ishirini iliyopita. Lakini Rahel ni binti wa mwanangu Zenon, ni nesi, na anakusanya habari za kina mama wa kigango chetu zipigwe chapa, zisomwe na kina mama wenzetu. Na amejua panaponiuma. Alisema, "Usipoandika wewe, bibi, wataandika wao kwamba ulihesabu vibaya."

Basi daftari nimelichukua.

Jina langu Rozina, wengi wananiita Mama Zenon. Hapa kijijini habari yangu inajulikana, ila inajulikana kwa kifupi: Rozina alidanganya mume wake, akahesabu vibaya, mtoto akafa. Hata watoto waliozaliwa juzi wanaijua hivyo. Mimi ninaandika kwa ajili ya hilo neno moja, hesabu. Mengine semeni mtakavyo.

Kusoma nilijifunza mkubwa, kwenye elimu ya watu wazima, chini ya paa la ghala la kijiji. Mwalimu wetu alikuwa Cornelia, rika langu, tumechunga mbuzi pamoja. Yeye alimaliza darasa la saba, mimi nilitolewa la pili nikalee wadogo zangu. Herufi zilinitesa. Tarakimu nilizimeza. Cornelia alikuwa akiniambia, wewe Rozina herufi unazichukia lakini namba unazipenda kama nyama. Ni kweli. Ukitaka kujua siku za kuotesha kimea cha ulezi, siku za kukianika, siku ya kuchuja, watu walikuja kuuliza kwangu. Sijawahi kuharibu pombe ya harusi ya mtu.

Niliolewa na Felisian, katekista. Alikaa seminari miaka miwili akarudi, na ile miaka miwili ilimtosha kuongea maisha yake yote. Sikatai kwamba alikuwa mtu mwema. Hakunywa, hakupiga, alilima kwa nguvu. Tulizaa saba. Huyo wa saba, Kornel, alitoka vibaya, kizazi kikachanika. Walinipeleka mjini kwenye gari la mahindi, nimelazwa juu ya magunia, damu inapita kwenye magunia ya watu. Daktari alinishona. Siku ya kuruhusiwa alituita wote wawili akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei, kwamba mimba nyingine itaniua. Alisema afadhali nifungwe kizazi, na kwamba inatakiwa sahihi ya mume.

Felisian hakutia sahihi. Alisema njia ya asili ipo, na yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha vijana wanaotaka kufunga ndoa. Alimwambia daktari, mbele yangu, "Tutavumilia." Nilimwamini. Kwenye semina zake alichora duara la siku ubaoni, siku hizi sawa, siku hizi hapana, vijana wanacheka, yeye hacheki. Nyumbani duara hilo halikuwepo. Alivumilia mwezi mmoja na nusu. Nilipomkumbusha maneno yake mwenyewe alisema daktari si Mungu.

Basi nikaanza kujitafutia. Zahanati yetu ni ya misheni, mambo hayo hawatoi. Nilitembea hadi zahanati ya serikali nikachomwa sindano, nikatoka damu siku arobaini. Felisian akauliza mbona nguo zinafuliwa kila siku. Nikahamia vidonge. Alivikuta kwenye pindo la kitenge changu, akavitupa chooni, Jumapili akavihubiri. Hakunitaja jina. Hakuhitaji, macho yote ya benchi yalikuwa yamenigeukia.

Wakati huo Cornelia alishahamia mjini. Soko huria lilikuwa limeshazoeleka, ushirika umekufa, wanunuzi wa mahindi wanakuja na malori yao, na mtaa wa Majengo umejaa maduka kama uyoga. Cornelia alifungua duka la dawa. Vitu vyake vingine vilitoka Zambia, vingine hata yeye hakuwa anajua vilianzia wapi. Nilimwendea mwezi wa kwanza, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, nikamweleza yote. Nilisema, mwenzangu, nitafutie kitu kisichoonekana, maana nikipata mimba ninakufa na hawa saba watabaki na mtu wa kuhubiri.

Alinivuta chumba cha nyuma akatoa kifuko cha karatasi ngumu yenye kung'aa. Ndani mlikuwa na pete. Usifikiri ya kidole. Kubwa, kama bangili ya mtoto mchanga, ya mpira laini, unaona upande wa pili. Aliniambia unaibana kwa vidole viwili, unaiingiza ukeni, inakaa humo majuma matatu inatoa dawa polepole. Unaitoa, unapumzika juma moja, upate siku zako, unaweka mpya.

Nilimuuliza, haitapanda ikafika moyoni?

"Itafikaje moyoni," akasema, "na moyo wako wote umejaa ukaidi? Itakosa pa kukaa."

Tulicheka mpaka mteja akagonga meza ya mbele. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya kizungu, akanisomea yeye. Isikae kwenye joto. Ikitoka, ioshe kwa maji yasiyo ya moto uirudishe kabla ya muda wa saa tatu kupita. Alinipa nne, kila moja kwenye kifuko chake, kila kifuko kimebandikwa kikaratasi cha bei cha duka lake. Nilimlipa kwa maharage, debe la kujaa.

Sasa sikilizeni taabu ya kile kitu, maana hakuna aliyenieleza. Siku ya tatu nilichuchumaa chooni, nikajikamua kidogo, ikashuka. Niliidaka. Ningechelewa kidogo ingeenda shimoni. Tangu hapo kila nikienda choo ninaweka kidole kama mlinzi wa mlango. Siku nyingine tulikuwa mashineni kusaga, ninajitwisha debe la mahindi, nikasikia inateremka. Nikatembea hadi nyumbani mapaja nimeyabana. Jirani yangu Kristiana akaniona, akapaza sauti mbele ya watu wote wa mashine, "Mama Zenon leo unatembea kama bibi harusi, au mzee amefanya jambo?" Watu wakafa kwa kicheko. Nikacheka nao, jasho linanitoka.

Na Felisian aliigusa. Alishtuka akasema kuna kitu humo. Nikamwambia ni mshono wa hospitali. Halafu gizani akauliza, "Walikushona kwa kamba ya ng'ombe?" Nikamwambia akamuulize daktari. Hakwenda.

Zilizobaki nilizificha kwenye kopo la kahawa, kopo nikalizamisha ndani ya kihenge cha ulezi. Kwetu mwanaume hatii mkono kwenye ulezi wa mkewe. Anaweza kuuza ng'ombe bila kuniuliza, lakini ulezi ataomba. Tena humo ndani kuna ubaridi hata jua likiwaka, ndiyo maana ulezi unakaa miaka bila kuoza. Nilijiona mwenye akili.

Sasa hesabu. Sikuwa na kalenda, na kalenda ya Felisian ilitundikwa juu ya meza yake, ningeweka alama angeuliza. Lakini kigango chetu kilikuwa na hesabu yake. Padri alikuja kusoma misa kila Jumapili ya nne. Jumapili tatu za katikati alituongoza Felisian. Tazameni jinsi ilivyolingana. Jumapili ya padri ninaweka pete. Jumapili ya tatu ya katekista ninaitoa. Padri akirudi ninaweka mpya. Majuma matatu ndani, moja nje. Hata aliyeitengeneza hakuwa na hesabu nzuri kuliko hiyo. Nilikuwa nimekaa benchi la kina mama, mume wangu anasoma injili, na mimi ninasema moyoni, hii ni ya pili. Sikuona dhambi. Niliona ninaishi.

Pete nilikuwa ninaiweka jioni, baada ya misa. Asubuhi yake nilikuwa ninapokea komunyo, na nilitaka kupokea kabla, siyo baada. Msiniulize kwa nini. Kila mtu ana mpaka wake.

Mwezi wa kwanza ikaenda vizuri. Wa pili vizuri. Mwezi wa tatu mvua ikakaa juu yetu kama blanketi bichi. Jumapili ya padri tulimngoja hadi mchana. Gari lake lilizama kwenye tope kule mtoni, akalala kijiji cha pili. Alifika Alhamisi, misa ikasomwa jioni na watu wachache, na mimi pete nikaiweka usiku huo. Nilijua Jumapili imepita. Nilijiambia misa ndiyo Jumapili. Siku nne. Ninaziandika hapa kwa mkono wangu, sizifichi.

Mwezi wa nne, juma la kupumzika, siku zangu hazikuja, pete ya nne nikaiacha koponi. Mwezi wa tano nilijua. Mwanamke wa mimba saba haambiwi na mtu. Felisian nilimwambia mwezi wa sita, tumbo likiwa linakaribia kumwambia lenyewe. Alipiga ishara ya msalaba akasema Mungu ametoa, Mungu atalinda. Mwezi wa kumi nikaanza kutoka damu shambani. Cornelia alipopelekewa habari alituma gari kutoka mjini, na kwa gari lile ninaishi. Nasema ukweli wote, hata huo.

Walinipasua. Kizazi walikitoa. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, Felisian akambatiza kwa maji ya kikombe cha nesi, jina Marselino. Alipumua siku mbili.

Siku ya tatu nimelala, tumbo limefungwa, maziwa yanatoka bure. Felisian amesimama upande huu, Cornelia upande ule. Nesi alikuwa amekwisha kumwambia Felisian kwamba mama alikuwa anatumia njia ya uzazi wa mpango, maana mimi mwenyewe nilisema wakati wananiuliza maswali. Felisian akauliza, njia gani, na imekuwaje. Sikuwa na sauti. Cornelia akajibu. Alinishika mkono, machozi yanamtoka, akasema:

"Nilimwambia ahesabu kwa kalenda. Yeye akahesabu kwa misa. Padri alipochelewa, naye akachelewa. Alikosea hesabu, baba Zenon. Mwenzangu alikosea tu hesabu."

Siri ile ya misa nilimwambia yeye peke yake, na niliisema kwa kicheko. Felisian alishika kitanda kwa mikono miwili. Pete angeweza kuimeza. Lakini kwamba nilikuwa nakaa mbele yake kanisani ninahesabu kwa mdomo wake, hilo halikumshuka. Aliniuliza kama ni kweli. Nikamtazama Cornelia, naye akaniminya mkono, na mimi nikaamini. Nani angebisha? Siku nne zilikuwepo. Mtoto alikuwa amezikwa. Nikasema ni kweli, nimekosea.

Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kusema hivyo. Muulizeni yeyote. Nimegombana na mwenyekiti wa kijiji juu ya mpaka wa shamba miaka sita sikurudi nyuma. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu aliyekosea. Mwaka mzima sikupokea komunyo. Mwisho wake halmashauri ya kigango ilitaka niombe radhi hadharani, nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo mbele ya benchi zote, Felisian amekaa kiti cha mbele anatazama dirishani. Kristiana alilia. Baadaye mabinti waliotaka kuolewa waliletwa kwangu waone mfano. Na kwa kimea hakuna aliyeniuliza tena siku. Hilo liliniuma kuliko magoti.

Duka la Cornelia Felisian hakulitaja popote. Alisema yule amesema kweli, na ametuma gari. Kila Krismasi Cornelia alituletea sukari na mafuta ya taa, na mimi nilimpa kuku, nikamshukuru. Miaka kumi na saba nilimshukuru.

Felisian alifariki mwaka juzi, kwa kifua. Baada ya matanga Zenon akasema kile kihenge cha zamani kimeinama, tukibomoe. Chini kabisa, kwenye ulezi uliogeuka vumbi, kopo la kahawa. Ndani, kifuko kimoja. Ile ya nne. Nilikuwa nimeisahau, au niliiacha kwa kiburi, sijui. Nilikaa kwenye jua nikaigeuza. Kikaratasi cha bei kilikuwa kimekauka, nikakikwangua kwa kucha kikatoka chote. Chini yake palikuwa na namba.

Nimesema namba ninaziweza. Tatu, na elfu mbili na tano.

Sikujiamini hata mimi mwenyewe. Nilimngoja Rahel, wakati huo yuko chuo, akaja likizo, nikamwonyesha bila kusema kitu. Akasoma akasema, bibi, hii ilikwisha muda mwezi wa tatu mwaka elfu mbili na tano. Nikamuuliza, na mtu akipewa mwezi wa kwanza wa elfu mbili na sita? Akanitazama. Akasema amepewa kitu kilichokufa miezi kumi.

Nilikwenda Majengo peke yangu. Cornelia sasa ana nyumba yenye geti, duka anaendesha mwanawe. Alinipokea kwa furaha, akaagiza chai. Nikaweka kifuko mezani, na kikaratasi pembeni yake.

"Cornelia, hiki kikaratasi ni cha nani?"

"Cha duka langu. Umekitoa wapi, Mama Zenon?"

"Kilikuwa juu ya namba hizi. Nisomee. Wewe ndiye mwalimu wangu."

Hakusoma. Akawa anazungusha kikombe. Nikamwambia chai itapoa. Ndipo akasema zilikuwa zimekaa dukani, hakuna aliyezijua, hakuna aliyezinunua, na kuzitupa aliona uchungu. Alisema umeme nao ulikuwa haueleweki. Alisema, "Nilifikiri huwa wanaandika tarehe ya mapema kwa tahadhari. Nilifikiri zitasaidia kuliko kukosa kabisa."

"Kikaratasi ulibandika juu ya namba kwa bahati mbaya?"

Akakisukuma kifuko kando.

"Ulijua kwamba herufi sioni, ila namba ninaona."

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza juu ya siku ile hospitali. Alisema Felisian alikuwa amesimama pale na ile sauti yake, duka lilikuwa na miaka miwili tu, wateja wake nusu ni wa parokia. Alisema, "Ningesema nini, Rozina? Na siku nne ulichelewa kweli."

"Siku nne ni zangu," nikamwambia. "Nilizibeba, na bado ninazibeba. Miezi kumi ilikuwa yako. Ukanibebesha na hiyo, halafu ukaniletea sukari."

Alitaka kupiga magoti, pale kwenye zulia lake. Nilimkataza. Nilimwambia magoti ya sebuleni hayanisaidii, mimi yangu nilipiga kanisani. Aje kigangoni aseme mbele ya benchi zilezile. Alisema atakuja. Huu ni mwaka wa pili. Mara ana presha, mara barabara mbaya, mara mwanawe atasemwa vibaya. Sukari ilikuja Krismasi, nikairudisha kwa dereva yuleyule.

Mwaka jana nilisimama kigangoni baada ya matangazo nikasema nilichogundua. Katekista mpya, kijana mwenye adabu, alisema, mama, mambo ya zamani tuyaache kwa Mungu. Mzee mmoja wa halmashauri akasema lakini si ulikiri mwenyewe. Watu wakakohoa, wakaenda nyumbani. Walikuwa na nafasi ya kuniona nikipiga magoti, nafasi ya kuniona nikiinuka hawakuwa nayo. Huenda zile siku nne tu zingetosha kuleta mimba. Rahel anasema inawezekana, na siwezi kumbishia nesi. Lakini hakuna anayejua tena, na aliyejua kulikuwa na jambo jingine la kupimwa alikuwa mmoja, akanyamaza, nikahukumiwa kwa nusu ya hesabu.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, sikukuandikia bure, na mgongo unaniuma. Kama wewe ni wa kigango hiki, Jumapili ijayo, baada ya matangazo, kabla watu hawajatoka, simama hapohapo ulipo useme kwa sauti ya kusikika nyuma: Mama Zenon aliuziwa dawa iliyokufa. Maneno matano tu, hata asiyesoma anaweza kuyashika. Kama wewe si wa hapa, mtume mtu wa hapa aseme. Mimi nitakuwa benchi la mbele, upande wa kina mama, na nitahesabu wangapi mmesimama.